Vistari vya Mama Juma

Siku moja ya Agosti, wakati Singida nzima inakula vumbi, kompyuta ya ofisi yetu ya maji ililia kwamba mto umefurika. Ilikuwa saa tano asubuhi. Kengele inapiga, skrini imewaka nyekundu, na mchoro wa kina cha maji umepanda wima. Mkuu wa ofisi akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai mkononi. "Ntandu! Mvua imenyesha wapi?" Nikamwambia, mkuu, mvua gani Agosti? Tukapanda gari, mwendo wa saa mbili, mpaka kwenye daraja tulikofunga chombo kipya kinachotazama maji kutoka juu na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Tukachungulia chini. Kumbe ng'ombe! Ng'ombe kama thelathini wamejilaza na wengine wamesimama kivulini chini ya daraja, mchanga mkavu kabisa, na chombo chetu kimehesabu migongo yao kuwa ndiyo maji.

Mfugaji mwenyewe akatuamkia vizuri, akauliza kama kuna kosa. Mkuu akamjibu kwa hasira kwamba ng'ombe wake wamefurika. Yule bwana akawatazama ng'ombe wake, akatutazama sisi, akasema, "Basi poleni." Mimi nilicheka njia nzima mpaka mkuu akanikataza.

Naitwa Ntandu. Nimefanya kazi ya kupima mito tangu nilipotoka chuo mpaka siku niliyokabidhi funguo za stoo, na sasa nipo nyumbani Mwankoko na alizeti zangu na kuku wangu. Ninyi vijana mnaosomea mambo ya maji mnapita hapa likizo, mnatoa shikamoo, mnakaa, halafu mnaniuliza, "Babu, zamani mlifanyaje kazi bila kompyuta?" Mnauliza kwa huruma, utadhani tulikuwa tunatembea uchi. Leo nitawajibu, na msinikatize. Mimi siichukii kompyuta. Naipenda, tena najivunia kwamba namba zilizomo kwenye kompyuta ya bonde letu, nyingi nimeziingiza kwa vidole hivi viwili. Ila nataka mjue kosa nililolifanya humo ndani, maana karibu niwanyime watu maji, na nilikuwa nimevaa tai siku nilipogundua.

Kwanza mjue mito yenyewe. Mito ya huku kwetu haiendi baharini. Inashuka kwenye miinuko, inaingia mbugani na kwenye maziwa ya chumvi, basi, imekwisha. Na mingi ni mito ya mchanga. Wakati wa mvua inakuja na ghadhabu, inabeba miti na mbuzi wa watu. Kiangazi ukifika hapo huoni tone. Lakini maji yapo, yamejificha chini ya mchanga, na akina mama wanayafuata kwa kuchimba. Mgeni anapita na gari anasema mto umekufa, kumbe kijiji kizima kinakunywa hapo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mkumbo, Mnyiramba mmoja mfupi, mkali, hacheki mpaka Krismasi. Mwaka wangu wa kwanza alinituma nikasome rula ya mtoni, ile mbao yenye namba inayosimikwa ndani ya maji. Ilikuwa jua kali. Mimi nikakaa kwenye kibanda cha mama ntilie ng'ambo ya barabara, nikaagiza maharage na chapati, nikaikodolea macho rula nikiwa nimekaa palepale. Nikaandika sentimita sitini na mbili. Mzee Mkumbo akaja, akasikia harufu ya maharage, akajua. Akanishika mkono tukashuka wote mpaka kwenye maji. Tukasoma. Sitini na mbili!

Nikatabasamu. Akachukua daftari, akachana ule ukurasa mbele yangu, akautupa mtoni. "Lakini mzee, namba ni sahihi!" nikalalamika. Akasema, "Ni sahihi, ila hukuiona. Namba usiyoiona usiiandike, hata kama ni ya kweli." Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nikamuuliza, "Na mto ukikauka, niandike sifuri?" Akanitolea macho. "Sifuri nayo ni namba. Umepima nini mpaka uandike namba? Weka kistari." Basi nikakibeba hicho kistari kama maagizo kutoka mlimani.

Nilipopanda cheo nikawa mimi ndiye ninayefundisha wasomaji wa vituo. Msomaji ni mwanakijiji anayeishi karibu na mto. Asubuhi na jioni anashuka, anasoma rula, anaandika kwenye daftari. Niliwafundisha vizuri, hapo sisemi uongo. Niliwaambia wasisome wakiwa wamesimama ukingoni, washuke mpaka jicho liwe usawa wa maji. Niliwaambia wapapase mguu wa rula kwa mkono, maana tope likijaa pale chini rula inadanganya. Mafuriko yakipita wakatazame nyasi zimenasa urefu gani kwenye miti, wapige alama kwa panga. Hayo yote mpaka leo nasimama nayo. Na niliwaambia, mto ukikauka wekeni kistari. Mkiumwa mkashindwa kwenda, kistari. Mkienda msibani, kistari. Msije mkaniandikia namba za kubuni. Nilijiona nimewaachia urithi wa Mzee Mkumbo.

Msomaji wangu bora kuliko wote alikuwa Mama Juma, wa mto Kinyalala, chini ya mteremko upande wa Sekenke, mto unapokaribia kuingia mbuga ya Wembere. Mwandiko wake umenyooka. Alikuwa mjane, anapanda mtama na uwele, anafuga mbuzi wachache na punda wawili wa kubebea madumu. Mimi aliniita Bwana Maji. Kila nikienda kukusanya daftari ananifungia kuku miguu, ananipa, nami nakataa, naye anamtupa ndani ya gari. Sijawahi kushinda hata siku moja.

Sasa kompyuta ikaja. Ilikuja na Injinia Rehema, binti mdogo wa kuweza kuwa mwanangu, kwao milima ya upande wa Tanga, huko ambako mito haijui kukauka. Kichwa chake kilikuwa kinachemka. Alinieleza modeli kwa dakika kumi, nikaelewa, na mpaka leo sijapata maelezo bora. Alisema, "Mzee, tunaiambia kompyuta mvua ilinyesha kiasi gani, udongo ukoje, mteremko ukoje, watu na mifugo wanatumia kiasi gani. Kisha tunaionyesha mto ulivyokuwa miaka ya nyuma, mpaka ijifunze tabia yake. Ikishaijua, tunaiuliza: mtu huyu wa juu akivuta maji, wa chini atabaki na nini?" Nikamwambia, mwanangu, swali hilo watu wamepigana mapanga kwa ajili yake, kama mashine inaweza kulijibu nitaifulia kitambaa cha kuifunika. Na kweli nilifua.

Kazi ya kuingiza namba za zamani nikaiomba mwenyewe. Kile kipanya cha mezani nilikishika siku za kwanza kwa vidole viwili, kwa tahadhari, na Rehema akawa anatoka nje kwenda kucheka. Lakini nilikaa nacho. Daftari moja baada ya jingine, kituo baada ya kituo, karibu miaka miwili. Penye namba niliandika namba. Penye kistari niliacha wazi. Rehema naye, alipokuta sehemu wazi, akafanya wanavyofundishwa chuoni: akaiamuru kompyuta izijaze, kwa wastani wa tarehe zilezile katika miaka mingine. Sasa fikirini. Oktoba ya mto Kinyalala ina namba kwenye ile miaka michache tu mvua ilipowahi kuanza, enzi za msomaji aliyekuwapo kabla ya Mama Juma. Miaka mingine yote ni vistari. Kompyuta ikachukua ile michache, ikaisambaza kwenye yote. Mchoro ukatoka mzuri, umejaa, hauna pengo. Niliubandika ukutani juu ya meza yangu. Nilikuwa nawaonyesha wageni.

Wakati huohuo, juu huko mtoni, kikundi cha wakulima wa vitunguu kiliomba kibali cha kuvuta maji ya Kinyalala kwa injini mwaka mzima. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Msengi, mtu mchapakazi na muungwana, mwenye sauti ya kusikika vijiji vitatu. Modeli ikaulizwa. Modeli ikajibu kwamba hata Oktoba mto una maji ya kuwatosha wa juu na wa chini. Furaha iliyoje! Vitunguu kiangazi kizima, watoto wa watu watasoma. Kabla ya kibali kutolewa, sheria inataka watu wa chini waitwe wasikie, kwa hiyo tukaitisha mkutano kijijini kwa Mama Juma. Mimi nikavaa tai.

Tulifunga shuka jeupe ukutani kwenye ofisi ya kijiji, Rehema akawasha mashine ya kuonyeshea, na mchoro wangu ukatokea, mkubwa, watu wakasema aaa. Rehema akaeleza vizuri, kwa heshima. Alipofika Oktoba akaweka kidole na kusema, "Hapa kuna maji ya kutosha, wazee wangu." Nikasikia mtu anacheka nyuma. Mama Juma akasimama, akajitanda kanga vizuri.

"Samahani, binti yangu. Hayo maji ya Oktoba mlikunywa kwa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi damu ikanipanda. Nikasimama na tai yangu. "Mama Juma! Usiwachekeshe watu. Hizo namba ni zako mwenyewe, umeziandika kwa mkono wako!"

"Zangu? Bwana Maji, mimi Oktoba sijawahi kukupa namba. Nilikupa vistari. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Wanangu, nilikaa chini. Pale pale nikaona vistari vyote vya miaka yote, nikaona kidole changu kinavyoviruka. Upande mmoja wa chumba amekaa Bwana Msengi na watu wake, wameshaanza kukusanya mbegu. Upande wa pili wamekaa akina mama ambao kiangazi hawana maji mengine isipokuwa yale ya chini ya mchanga. Injini ya juu ingeyanyonya hayo, na karatasi ya kuihalalisha ingebeba namba nilizoingiza mimi. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

Mkutano ukaahirishwa. Kwenye gari Rehema alikuwa analia kimya kimya. Akasema, "Mzee, si rahisi tu? Vistari vyote tuvigeuze kuwa sifuri, turudie hesabu." Nikamwambia hapana, mwanangu, hapo ndipo ubaya ulipo. Kistari cha Oktoba labda ni ukavu, lakini kuna vistari vya Februari, mto umefurika mpaka msomaji hawezi kufika kwenye rula. Tukiviita sifuri tutawanyima wa vitunguu maji ambayo Mungu amewapa. Nimewafundisha watu alama moja kwa mambo mawili. Hatujui kipi ni kipi.

Kesho yake asubuhi nikarudi kwa Mama Juma, peke yangu, bila tai. Alikuwa anapepeta uwele. Nilimsalimu, nikamwambia, "Mama Juma, nimekosea, na nilikufokea mbele za watu. Nisamehe." Akaendelea kupepeta kidogo, makusudi kabisa, ili nichomeke. Kisha akasema, "Ulikuwa umependeza lakini." Tukacheka wote. Nikamuuliza kama anaweza kukumbuka angalau vistari vya miaka ya karibuni. Akaingia ndani, akaburuta sanduku la bati mpaka uani. Ndani mlikuwa na nakala zake zote, zile anazobaki nazo akishanikabidhi daftari langu. Akafungua moja na kuigeuza kifudifudi.

"Mbele ni kwako," akasema. "Nyuma ni kwangu."

Nyuma kulikuwa na kila kitu! Tarehe, halafu neno moja. "Msiba wa shemeji." "Homa." "Mto umejaa, sikufika." Sehemu moja vistari vya siku sita, nyuma imeandikwa, "Nimejifungua Juma." Na kuanzia Juni kwenda mbele, kila mwaka: "Kavu. Mikono miwili." "Kavu. Mikono mitatu." "Kavu. Mikono minne kasoro." Nikamuuliza mikono ya nini. Akanishangaa. Kwao kila mji una mahali pake mtoni pa kuchimba, mahali palepale alipochimba mama mkwe na mama mkwe wa mama mkwe, na mwanamke anapima kina kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole, ajue mwaka huu apeleke punda saa ngapi na abakize maji kiasi gani ya mbuzi. Miaka yote ile sisi tulikuwa tunaulizia maji yaliyo juu ya mchanga tu. Yeye alikuwa anapima yaliyo chini, na hakuna ofisi iliyomtuma. Nikamwambia, "Mama Juma, mbona hukuwahi kuniambia?" Akasema, "Hukuwahi kugeuza daftari."

Nikapima mkono wake kwa futi ya chuma, nikaandika sentimita zake, nikabeba sanduku lote mpaka Singida mjini. Rehema alipoliona alilikumbatia. Tulikaa nalo wiki tatu. Vistari vya ukavu tukaandika sifuri. Vya mto kujaa tukaviandika mafuriko. Vya msiba na homa na Juma tukaacha visomeke kwamba hakukuwa na msomaji. Mikono tukaigeuza kuwa kina cha maji chini ya mchanga, na Rehema akaifundisha modeli upya, safari hii iujue mto kiangazi na masika. Ukimwona binti yule anavyofanya kazi utasahau kula. Modeli ilipoulizwa tena ikajibu tofauti kabisa: injini zikivuta mwaka mzima, Oktoba akina mama watachimba mikono minane. Kwenye mchanga, mikono minane ni kaburi, kuta zinamwangukia mchimbaji. Wa vitunguu wakivuta wakati wa mvua tu, wakahifadhi kwenye lambo lao wenyewe, kisha wakafunga injini mwanzoni mwa Juni, kule chini Oktoba ya mwaka wa kawaida maji yatakuwa mikono minne, kama siku zote.

Mkuu wa ofisi alisoma, akafurahi, halafu akaniita pembeni. Alikuwa mtu mwema, alitaka kuniokoa. Akasema, "Kwenye taarifa tuandike ilikuwa hitilafu ya mfumo. Watu wanaelewa, kompyuta huwa zinakosea." Nilibakiza mwaka mmoja kustaafu. Nilitamani sana kusema ndiyo, nawaambieni ukweli. Lakini nikafikiri: tukisema mashine imekosea, nani ataiamini inaposema Juni mfunge? Bwana Msengi atasema mashine yenu ile ile. Nikamwambia mkuu, "Mashine haikukosea. Ilijaza pengo nililoiachia. Nitasema mwenyewe."

Nikasema. Chumba kilekile, shuka lilelile. Nikaeleza kistari tangu mwanzo, nikasema kosa ni langu, mimi Ntandu, si la Mama Juma, si la binti huyu, si la kompyuta. Bwana Msengi akasimama, uso umemvimba. "Mzee, tumenunua mbegu! Mlitupa matumaini ya nini?" Nikamwambia ana haki ya kukasirika. Akatoka nje, tukasikia anafoka peke yake kwa Kinyiramba huko uani. Alirudi baada ya muda, akakaa, akasema, "Hilo lambo mtatusaidia kulipimia?" Nikamwambia nitalipima kwa mikono yangu. Tukalipima, Rehema na mimi, na likachimbwa kabla ya mvua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilizunguka vituo vyote nilivyowahi kufundisha. Nikawa napiga hodi kwa watu naomba vistari vyao vyote. Wengine walikumbuka, wengine walikuwa na alama zao ukutani, mmoja alikuwa anahesabu kwa kuzaa kwa ng'ombe wake, na akawa sahihi kuliko mimi. Kuna kituo upande wa Mgori, msomaji wake alikuwa amefariki, mjane wake akageuza daftari kurasa zote na kutikisa kichwa. Vistari vya marehemu huyo nimeviandikia "haijulikani". Mtakapokaa kwenye hiyo kompyuta mtavikuta. Msivijaze, nimeviacha hivyo kwa makusudi.

Oktoba ikafika. Bado miezi miwili nistaafu. Mama Juma akanipigia simu. Hakunisalimu hata. "Bwana Maji, mikono mitano na nusu." Nikamwambia apime tena. "Nimepima mara tatu. Mwaka haukuwa mbaya. Kompyuta yenu ilisema minne."

Ofisini wakaanza kusema labda modeli bado haijakaa sawa. Zamani ningesema hivyohivyo. Safari hii nikakataa. Niliufahamu mto, nilizifahamu namba, kila moja nilijua imeonwa na nani. Nikasema, "Modeli haijakosea. Huko juu kuna mtu anavuta." Nikampigia Bwana Msengi. Akaapa kwamba injini zote zimefungwa tangu Juni, funguo anazo yeye. Nikamwambia twende wote.

Alikuja. Nikamshusha kwanza kwa Mama Juma, nikamwambia, mwenyekiti, chimba. Mtu mzima yule akavua viatu, akapiga magoti, akachimba mahali pa Mama Juma. Jasho linamtoka. Mikono minne, mchanga mkavu. Mitano, unyevu. Ilipofika mitano na nusu yakachuruzika maji machache, ya rangi ya chai. Mchanga ukamporomokea mpaka bega, Mama Juma akamvuta kwa shati. Akakaa pale mchangani anahema. Halafu akainuka akaingia kwenye gari, tukapanda na mto kwenda juu. Kilomita chache tu, hatukuhitaji kutafuta sana, tuliisikia. Injini ndogo ya petroli imefunikwa matete, bomba limezikwa, na bustani ya nyanya imenawiri huko vichakani. Mwenye injini alikuwa mwanachama wake mwenyewe, tena shemeji yake.

Nilidhani atafoka. Hakufoka. Aliizima kwa mkono wake, akang'oa bomba, akaibeba ile injini begani mpaka kwenye gari langu, mafuta yanamchuruzikia mgongoni, shemeji yake anafuata nyuma anaomba radhi. Akamwambia sentensi moja tu: "Nenda kachimbe kwa yule mama, kisha uje tuzungumze."

Siku kumi na mbili nilikaa karibu na simu. Rehema alikuwa anapita mezani kwangu, ananitazama. Siku ya kumi na tatu, saa moja asubuhi, ikalia.

"Bwana Maji."

"Naam, Mama Juma."

"Minne."